Majaruba yamejaa nyasi zinazofanana na mpunga, 2,4-D haizigusi. Nifanyeje?

Mkulima_Usangu

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba msaada wa wenye ujuzi. Shamba ni eka nne za mpunga wa maji ya mfereji, Mbarali, mbegu ni SARO 5. Awali ilikuwa kupandikiza kwa kamba. Gharama ya vibarua ilipopanda tukahamia kumwaga mbegu iliyochipua moja kwa moja kwenye tope, na huu ni msimu wa tatu. Nyasi zimezidi kila msimu. Dawa inayopigwa ni 2,4-D, siku ya 20 hadi 25 baada ya kumwaga. Ndago na magugu ya majani mapana yanakauka vizuri, nyasi zinabaki zimesimama na zinazidi kunenepa.

Kwa macho naona aina mbili. Ya kwanza ni fupi, jani laini, nyingine zina mikanda ya zambarau kwenye jani, na inazaa mapema. Ya pili huwezi kuitenga na mpunga mpaka itoe suke: inaupita SARO kwa urefu, suke lina ndevu ndefu, na punje zinapukutika hata kabla mpunga wetu haujaanza kuinama. Majaruba mawili ya chini, karibu na mfereji wa kutolea maji, ndiyo yameathirika zaidi. Mashineni wamelalamika kwamba mchele una punje nyekundu.

Je, kuna dawa ya kupiga ndani ya mpunga ikaua mpunga pori peke yake? Na nikilima mara tu baada ya kuvuna ili nizizike hizo mbegu, nitakuwa nimesaidia? Nina pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mikono) yenye rotavata, visu vinavyozunguka kukata udongo.

BwanaShamba_Mstaafu

Ndugu, pole. Umeeleza vizuri, na hiyo ni nusu ya kazi.

Kwanza 2,4-D. Ile dawa kazi yake ni magugu ya majani mapana na jamii ya ndago. Nyasi haiziui, na ndiyo sababu hasa ya kutumika kwenye mpunga, maana mpunga nao ni nyasi. Ukiipiga peke yake misimu mitatu mfululizo unaziondolea nyasi washindani wake wote, unaziachia shamba na mbolea. Usiilaumu dawa wala duka.

Ile fupi yenye mikanda ya zambarau kwa maelezo yako ni Echinochloa colona. Ikiwa changa angalia pale jani linapoachana na shina. Mpunga una kiulimi cheupe chembamba kilichosimama, na visikio viwili vyenye vinyweleo vinavyokumbatia shina. Echinochloa pale ni patupu, hakuna kiulimi wala visikio. Mfundishe hivyo kila kibarua wa palizi kabla hajaingia jarubani, dakika tano zinatosha. Nyasi hii ni ya kutibika, wenzangu watakupa dawa.

Ya pili ni mpunga pori, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa sababu mpunga pori si mmoja. Kwenye mabonde yetu kuna Oryza longistaminata, unaoishi miaka mingi na kusambaa kwa mashina ya chini ya udongo, na kuna Oryza barthii, wa msimu mmoja, unaotegemea mbegu. Ukiutazama kwa juu utachanganyikiwa. Chimba.

Chukua koleo, nenda kwenye majaruba mawili ya chini na moja la juu. Chimbua mashina matano hadi kumi kila jaruba, koleo lizame sentimita 20 au 25, usivute kwa mkono maana utakatia juu. Osha tope kwenye ndoo. Ukikuta shina nene linalotambaa kwa ulalo, jeupe au la kahawia, lina magamba na vifundo, na kwenye kila kifundo chipukizi lenye ncha kali kama sindano, huo ni longistaminata. Ukikuta mizizi myembamba tu ya kawaida, huo umeota kwa mbegu. Kwa miche ya majani mawili au matatu ni rahisi zaidi: ing'oe polepole kwenye tope laini, utakuta ganda la punje bado limening'inia chini. Ganda lenye ndevu, au jeusi, si SARO. Pima pia kutoka kwenye ganda hadi usawa wa udongo, hapo utajua mbegu zinazokusumbua zinaota kutoka kina gani.

Nasisitiza kuchimba kwa sababu hawa wawili wanataka tiba zinazopingana. Wa mashina ya chini unatakiwa kulima kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa jembe la sahani au la kupindua, mabonge yakae juu ya jua wiki kadhaa mpaka yale mashina yakauke na kukatika kama kijiti. Wa mbegu ukimlima hivyo mara baada ya kuvuna umemwekea akiba. Punje zake nyingi hazioti mara moja, huwa zimelala, na zikizikwa kina kirefu hukaa miaka zikisubiri jembe lizirudishe juu. Zikiachwa juu ya udongo, panya, ndege, mchwa na sisimizi wanazila, jua na umande vinaziharibu, na zinazosalia huota kwa maji ya kwanza, nawe ukaziua zikiwa changa.

Kwa hiyo swali lako la kulima baada ya kuvuna halina jibu moja mpaka utuambie koleo limeleta nini.

Rotavata sasa. Kama ni longistaminata, tafadhali usiingize rotavata kwenye hilo jaruba udongo ukiwa na unyevu. Visu vinakata shina la chini vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo hai ni mche mpya. Pia vipande hubaki kwenye visu na magurudumu, vikahamia jaruba la pili.

Kitalu_Safi

Naunga mkono la kuchimba, ila niongeze kwamba inawezekana kabisa wote wawili wapo, mmoja jaruba la juu na mwingine la chini. Chora ramani ya shamba hata kwenye daftari, kila jaruba na lililokutwa humo.

Punje nyekundu mashineni zinaashiria kwamba mbegu ya mpunga pori inavunwa pamoja na mpunga wako, na kama unajiwekea mbegu kutoka shamba hilohilo basi unaipanda mwenyewe. Piga hesabu. Kumwaga kunatumia kama kilo 40 kwa eka. Kukiwa na punje tano tu za mpunga pori kwa kilo, umepanda miche 200 kwa eka. Kila mche ukidondosha punje 100 tu kabla ya mavuno, udongo umepokea punje 20,000 ambazo hukuziona.

Namna ya kukagua: chota kutoka pembe zote za gunia na katikati, changanya, pima nusu kilo. Imwage kwenye sinia jeupe, tenga zenye ndevu, nyeusi na nyembamba. Zilizobaki chukua kiganja kimoja, zimenye kwa mkono na utazame rangi ya mchele ndani. Punje moja nyekundu kwenye nusu kilo inatosha kulikataa gunia kama mbegu. Lile la kula halina neno. Maji ya chumvi ya kuelea yai yanaondoa mapepe, hayaondoi mpunga pori uliojaa vizuri, maana unazama pamoja na mpunga. Watu wanaamini yameshasafisha, wanajidanganya.

Nunua mbegu iliyothibitishwa na TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu) au ya kuazimiwa ubora kutoka kwa mzalishaji ambaye unaweza kwenda kuliona shamba lake likiwa na masuke. Kama huna uwezo wa kununua ya eka nne, nunua ya robo eka, pandikiza kwenye jaruba safi kuliko yote, pita kila wiki kung'oa mimea isiyo ya mbegu hiyo tangu hatua ya mimba (suke likiwa bado ndani ya shina), na hiyo ndiyo iwe mbegu yako ya mwakani. Kupandikiza kwa mstari kunakula kilo 8 hadi 12 kwa eka, kwa hiyo robo eka nzuri inakutosheleza eka zote nne na ziada.

Na kombaini! Ikitoka kwa jirani na kuingia kwako bila kusafishwa inamwaga mbegu za jirani kwenye mita mia za kwanza. Mwombe dereva afungue milango ya chini ya lifti za nafaka, aiache mashine ikizunguka tupu dakika chache nje ya shamba, kisha ifagiliwe kichwa na chekecheo. Ukishindwa kumshawishi, aanze kuvuna kwenye jaruba chafu, mbegu za kwanza zimwagike palepale palipokwisha kuchafuka.

Mkulima_Usangu

Asanteni sana, shikamoo Bwana Shamba. Nimechimba leo. Majaruba mawili ya chini ni mashina yale ya kutambaa, mengine yana unene wa kalamu, yenye ncha kama ulivyosema. Hayo mengine ya juu sikukuta hata moja, mizizi ni ya kawaida, na miche midogo miwili niliyopata ina ganda jeusi lenye ndevu. Kumbe ni vita viwili.

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba ndugu. Basi tugawe.

Majaruba ya chini: baada ya kuvuna yaache yachipue kwa unyevu uliobaki, usiyalime kwanza. Machipukizi yakifika sentimita 30 hivi, majani manne hadi sita mabichi, piga glaifosati ya gramu 360 kwa lita, lita 2 kwa eka. Ukitumia mabomba manne ya lita 16 kwa eka ni mililita 500 kila bomba. Dawa hii husafiri na chakula cha mmea kwenda chini, kwa hiyo mmea ulionyauka kwa ukame hauipeleki popote. Ukichelewa mpaka majani yamejikunja, ahirisha. Subiri wiki tatu bila kugusa, ndipo ulime kwa jembe la kupindua udongo ukiwa mkavu na uache jua limalizie. Maji yakija, machipukizi yatakayotokea yang'oe kwa koleo au yapige moja moja. Yatatokea, usivunjike moyo. Msimu mmoja haumalizi longistaminata.

Maji ya kuchanganyia ndipo wengi wanapoharibu. Glaifosati hunaswa na chembe za udongo. Ukichota maji ya mfereji yenye rangi ya chai ya maziwa, nusu ya dawa imekufa ndani ya bomba kabla hujaanza kutembea. Tumia maji ya kisima, au yaliyotuama kwenye pipa mpaka uone kitako cha ndoo.

Kulisha ng'ombe humo kunapunguza majani tu, chini kuko salama salimini. Tena kwato zinasafirisha vipande.

Nafikiri inafaa wenzetu wajue kwamba mmea huu si adui mtupu. Jeni la Xa21, linalokinga mpunga dhidi ya bakteria wa mnyauko wa majani, lilitoka kwa longistaminata wa Mali. Wachina nao waliutumia kupata mpunga wa kudumu, PR23, uliotolewa kwa wakulima wa Yunnan mwaka 2018, unaovunwa misimu kadhaa bila kupandwa upya. Shina lile la chini unalolichimba kwa jasho ndilo walilolitafuta. Kwa hiyo tuutoe jarubani, tusitamani kuufuta kwenye mbuga zake.

Hata hivyo jarubani na kwenye kingo usiuonee huruma, kwa sababu unahifadhi virusi vya kimyanga (ugonjwa wa kugeuza majani ya mpunga kuwa ya njano) kati ya msimu na msimu, wadudu wakavirudisha kwenye mpunga wako ukiwa mchanga.

Fundi_Bomba

Nijibu upande wa dawa ndani ya mpunga, kwa ile Echinochloa na jamaa zake.

Kwa kumwaga kwenye tope, dawa ya kuzuia uotaji inayofaa ni pretilaklori yenye kinga ya mpunga. Lebo lazima itaje fenklorimu. Ile isiyo na fenklorimu ukiipiga juu ya mbegu iliyochipua unaua mpunga wako kwanza. Isiyo na kinga ni ya mpunga uliopandikizwa: pretilaklori ya gramu 500 kwa lita, mililita 400 hadi 600 kwa eka, siku ya 3 hadi 5 baada ya kupandikiza, maji ya sentimita 2 hadi 5 yakiwa yametulia, usiyafungulie kutoka kwa siku tatu au nne. Udongo usipasuke wakati huo, utando wa dawa ukikatika nyasi hupenya kwenye nyufa.

Na hapa kuna faida ambayo wengi hawaihesabu. Ukipandikiza, mche wako una siku 15 au 20 na mizizi tayari, wakati mpunga pori wa mbegu ndiyo kwanza unachipua. Dawa ileile ambayo ukimwaga ingeua vyote, sasa inaukuta mpunga pori mchanga na mpunga wako mkubwa. Haiumalizi lakini inaupunguza. Tofauti ya umri ndiyo inayofanya kazi, kwa kuwa kwa damu ni ndugu.

Nyasi zikishaota, bispairibaki-sodiamu ya gramu 100 kwa lita, mililita 80 hadi 120 kwa eka, nyasi zikiwa na majani mawili hadi manne, yaani siku ya 15 mpaka 20 hivi. Kwa mabomba matano ya lita 16 ni mililita 16 hadi 24 kila bomba. Pima kwa sirinji, usipime kwa kifuniko. Toa maji siku moja kabla ili majani ya nyasi yawe nje, piga, rudisha maji ndani ya siku mbili au tatu. Ukisahau kurudisha maji unalipa dawa ya kuua kizazi cha kwanza na kukaribisha cha pili. Siku ya 25, muda unaopigia 2,4-D, Echinochloa imeshatoa machipukizi na dawa inaichoma ncha tu.

Propanili nayo inaua Echinochloa vizuri ikiwa changa, lita 3 hadi 4 kwa eka za ile ya gramu 360. Lakini mpunga unanusurika kwa sababu una kimeng'enya kinachoivunja, na viua wadudu vya jamii ya oganofosfati na kabamati vinakizuia kimeng'enya hicho. Ukipiga kiua wadudu hicho ndani ya siku 14 kabla au baada ya propanili, mpunga unaungua pamoja na nyasi. Ndiyo maana unasikia mtu analia dawa ile ni feki, kumbe wiki iliyopita alipiga ya funza wa mashina.

Usiitegemee moja kila mwaka. Huko Arkansas, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walithibitisha Echinochloa isiyokufa kwa propanili, na ilipochunguzwa ikaonekana inaivunja kwa njia ileile ya mpunga. Badili kundi la dawa, si jina la chupa. Majina kumi dukani yanaweza kuwa kiini kimoja.

Kuhusu kuchanganya 2,4-D na dawa ya nyasi tupu kama saihalofopu ili upige mara moja: usifanye. 2,4-D inaipunguza nguvu ile ya nyasi. Tenganisha kwa siku kadhaa, ya nyasi itangulie.

Nozeli iwe bapa, ile ya koni ni ya wadudu. Na kabla ya kununua hakikisha jina la dawa limo kwenye orodha ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Mkulima_Usangu

Fundi, nimesikia kuna mbegu za mpunga zinazostahimili dawa maalumu, unapiga mpunga pori unakufa, mpunga unabaki. Zikifika kwetu si zitatumaliza hizi shida?

Fundi_Bomba

Zipo. Marekani walianza kuzilima mwaka 2002, zinastahimili dawa za kundi la imidazolinoni, na hazikupatikana kwa kuhamisha jeni kutoka kiumbe kingine. Miaka ya mwanzo zilisafisha mashamba. Lakini mpunga na mpunga mwekundu wa kule vinachavushana, na haikupita miaka mingi mashamba yakawa na mpunga mwekundu uliobeba ustahimilivu uleule. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ndugu wa mpunga wamejaa kwenye kingo, mifereji na mbuga, siyo ndani ya shamba tu. Ukipata mbegu kama hizo bila kudhibiti mabaki na bila kubadilisha zao, misimu michache tu umetengeneza mpunga pori usiokufa.

Mgawa_Maji

Naongeza upande wa maji, maana dawa zote hapo juu zinafuata maji.

Kwa majaruba ya juu, yenye mpunga pori wa mbegu, kinachotakiwa ni kuuotesha kabla hujapanda. Usilime baada ya kuvuna. Msimu ukianza, lowesha jaruba, usilijaze, likae na unyevu siku 10 hadi 14. Mbegu za juu zitaota. Ziue kwa haro ya juujuu isiyozidi sentimita 5, au kwa glaifosati, kisha rudia. Baada ya mzunguko wa mwisho chavanga (vuruga udongo na maji uwe tope) juujuu. Ukiingiza jembe la kina hapo umerudisha juu mbegu mpya na kazi yote imekufa.

Tatizo ni kwamba ushauri huu kwenye vipeperushi unasema mizunguko miwili au mitatu, kana kwamba maji yapo. Usangu hayapo. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, na mkulima wa mwisho wa mfereji akifungulia maji mwezi wa kumi ya kuoteshea magugu, anayachukua kwa watu na wanyama wa chini. Hilo tusilifanye. Tumia mvua za kwanza badala ya banio (lango la kuingizia maji mferejini). Mara nyingi zinakupa mzunguko mmoja wa uhakika, na wa pili ukibahatika. Miche yako iwe kitaluni wakati huohuo, kwa hiyo siku 20 za kuotesha magugu shambani hazikupotezei msimu. Ukimwaga mbegu huna nafasi hiyo, na kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kurudi kwenye kupandikiza.

Halafu usawa wa jaruba. Echinochloa colona haioti chini ya maji yaliyotulia, inaota pale udongo unapochungulia. Baada ya kuchavanga, jaza maji sentimita 5 na usimame kwenye tuta asubuhi pakiwa hakuna upepo. Visiwa vyote utakavyoviona ndipo nyasi zitakapoota, kwa umbo lilelile. Chomeka vijiti, kesho vuta udongo wa visiwa kupeleka mashimoni kwa ubao, hata wa kukokotwa na ng'ombe. Jaruba likiwa kubwa sana ligawe, eka nzima ndani ya tuta moja haisawazishiki kwa mkono. Mche uliopandikizwa unavumilia maji ya sentimita 3 hadi 5 tangu wiki ya kwanza, na wiki tatu za mwanzo ndizo zinazoamua. Nyasi ikishavuka majani matatu, kuizamisha ni kuinywesha.

Wale wa kilimo shadidi wanaokausha na kulowesha, wajue wanaokoa maji lakini wanawafungulia nyasi mlango. Ndiyo maana kile kipalizi cha kusukuma kinapita siku ya 10 hadi 14 na kurudia kila baada ya siku 10, kwenye mistari ya sentimita 25, mara tatu. Ukiruka mara ya kwanza, zilizofuata hazisaidii. Nyasi iliyokwisha shika haigeuzwi na meno yale.

Mahali maji yanapoingilia jarubani weka wavu wa matundu madogo na uusafishe kila siku. Punje zenye ndevu zinaelea. Na majaruba yako ya chini, yale ya karibu na mfereji wa kutolea maji, nadhani yamechafuka kwa vipande kutoka kwenye kingo. Fyeka kingo kabla hazijatoa masuke, sehemu yako na ya jirani mkikubaliana.

Kitalu_Safi

Niongeze kuhusu mbolea. Urea isitangulie palizi. Echinochloa inatumia naitrojeni na jua kali kwa haraka kuliko mpunga, ukimwaga urea kwenye jaruba chafu unailisha yenyewe kwanza. Palilia au piga dawa, ngoja nyasi zianze kunyauka, ndipo umwage urea.

Na msimu huu, kwa mpunga pori uliokwisha kutoa suke sasa hivi? Hapo ni mkono tu. Pita kila siku ya tatu. Mrefu kuliko SARO na wenye ndevu, kata suke ukiwa umelishika ndani ya mfuko, usilitikise, kisha ng'oa shina. Choma masuke nje ya shamba, usiyatupe kwenye tuta wala kwenye samadi. Kama tofauti ya urefu inazidi sentimita 20 na bado haujachanua, unaweza kupaka glaifosati: vaa glavu ya mpira, juu yake ya pamba, chovya kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji, kamua isidondoke, shika shina la juu la mpunga pori na uvute kwenda juu. Tone likiangukia SARO limeua SARO. Fanya hivyo asubuhi umande ukikauka.

Mkulima_Usangu

Nimeelewa, na nimeandika yote kwenye daftari. Kwa hiyo mpango ni huu: ya chini nayapumzisha mpunga msimu mmoja, naua machipukizi, nalima kavu, ya juu silimi, nasubiri mvua, napandikiza. Swali la mwisho: hayo ya chini nikipanda maharage au kunde baada ya kulima itakuwa sawa?

BwanaShamba_Mstaafu

Sawa kabisa, kama maji yanatoka na udongo hautuami. Kwenye maharage na kunde ndipo unapopata ruhusa ambayo mpunga haukupi, kwa kuwa dawa za nyasi tupu kama fluazifopu zinaua jamii yote ya nyasi, mpunga pori ukiwemo, bila kuyagusa maharage. Piga machipukizi yakiwa na majani matatu hadi matano, fuata kipimo cha lebo cha nyasi za kudumu, maana kile cha nyasi za msimu hakitoshi. Angalia pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, hasa kwa kunde unazochuma majani.

Mwakani, kabla ya kuchavanga hayo mawili, chimba tena sehemu kumi kwa kila jaruba. Ukikuta hata shina moja jeupe lisilokauka, pandikiza huko mwisho, baada ya mengine yote, na pawatila ioshwe kabla haijavuka tuta.

Mkulima_Usangu

Nimekuelewa mzee. Kesho naanza na masuke, mfuko na glavu ninavyo. Nitaleta hesabu ya mashina kwa kila jaruba baada ya kuvuna.